Ufa Mmoja, Nyuzi Elfu

Ukiingia katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, tazama juu kabla ya kutazama nguzo. Waashi walioupanua msikiti huo katika karne ya 14 waliifunika sehemu yao kwa makuba na matao ya mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Kisha nenda Lamu, au Mji Mkongwe wa Zanzibar, uingie katika nyumba ya mawe ya zamani. Vyumba ni virefu lakini vyembamba; upana wake mara nyingi hauzidi mita tatu, na dari imelala juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu. Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya mtindo tu, kwamba watu wa Kilwa walipenda mviringo na wa Lamu walipenda mstari ulionyooka. Lakini wote walikuwa wanapambana na tatizo moja, nalo ni kwamba jiwe haliwezi kuvutwa.

Jiwe la matumbawe likibebeshwa mzigo kwa juu huvumilia vizuri, ndiyo maana kuta za zamani za pwani bado zimesimama. Lakini lilaze bamba la jiwe juu ya kuta mbili, kisha lielemee katikati. Bamba litapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na katika kupinda huko uso wake wa juu utabanwa na uso wa chini utanyooshwa. Hapo chini ndipo litakapoanzia kupasuka. Boriti ya mkoko nayo inapinda vivyo hivyo, ila ina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wote wa mti, na nyuzi hizo zinaushikilia upande wa chini usiachane. Ndiyo sababu urefu wa boriti uliamua upana wa chumba, na upana wa chumba ukaamua jinsi watu wa Lamu walivyopanga maisha ya ndani ya nyumba kwa karne kadhaa. Waashi wa Kilwa walipita njia nyingine. Kuba huupanga mzigo ili karibu kila jiwe libanwe na majirani zake, na hivyo udhaifu wake wa kuvutwa usipate kujaribiwa.

Nguvu hiyo ambayo jiwe limenyimwa na mkoko umepewa, nguvu ya kukataa kuachana unapovutwa, naiona kuwa jambo lisilopewa uzito unaostahili tunapozungumzia vitu imara. Tukisema kitu ni imara, wengi wetu tunafikiria ugumu wa jiwe au wa almasi. Lakini mzigo unaoning'inia, sakafu inayopinda, boti inayovutwa na nanga yake, daraja la nyaya, hata mshipa wa kisigino chako unapopanda ngazi, vyote vinategemea jambo tofauti kabisa na ugumu.

Wahandisi huipima nguvu hii kwa megapaskali, kipimo ambacho hakimwambii kitu mtu asiye wa fani. Tuigeuze kuwa kilo. Chukua uzi wa kitu chochote ambao ukiukata, uso wa mkato una eneo la milimita moja ya mraba, yaani unene unaozidi kidogo milimita moja. Uning'inize, ufunge mzigo chini yake, uongeze mzigo mpaka ukatike. Megapaskali kumi ni sawa na kilo moja hivi ya mzigo huo.

Uzi wa zege ungebeba gramu 200 hadi 400 tu, ingawa zege hilohilo likibanwa hubeba takriban mara kumi ya hizo. Kioo cha dirisha kingebeba kilo chache. Ubao mzuri, ukivutwa kwa kufuata nyuzi zake, hubeba kilo kumi hivi, na ukivutwa kwa kukatisha nyuzi haufiki hata kilo moja, jambo analolijua kila anayepasua kuni. Chuma cha kawaida cha ujenzi hubeba kilo 40. Nyaya maalumu zinazosokotwa kwa ajili ya madaraja, kama yale ya aina ya daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, kwa kawaida hufika kilo 180 na zaidi. Kevlar, iliyotokana na kazi ya mkemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1965, hufika kilo 360. Na singa za mkonge, zile nyuzi nyeupe zinazoanikwa juani kwenye mashamba ya Tanga na Korogwe? Kilo 40 hadi 60. Uzi wa jani, milimita kwa milimita, haupitwi na chuma cha kawaida, na uzito wake hata robo ya ule wa chuma haufiki.

Ukizitazama namba hizi kwa mara ya kwanza unashangaa jinsi Kevlar ilivyo na nguvu. Wanafizikia walipotazama namba za aina hii mwanzoni mwa karne ya 20, walishangazwa na kinyume chake. Walikuwa wanajua kwa kukadiria ni nguvu kiasi gani inayozishikanisha atomu mbili jirani. Ukizidisha nguvu hiyo kwa idadi ya atomu zilizomo katika milimita moja ya mraba, uzi wa chuma ungepaswa kubeba karibu tani mbili, na uzi wa kioo ungepaswa kubeba mamia ya kilo, pengine hata tani nzima. Kioo cha dirisha kinakatika kwa kilo tano. Kwa hiyo swali gumu si kwa nini vitu vingine vina nguvu sana. Swali ni kwa nini karibu kila kitu tunachokishika ni dhaifu hivi.

Fununu ya jibu ilikuwapo tangu zamani, imelala kwenye daftari. Leonardo da Vinci aliandika maelezo ya jaribio la nyaya za chuma. Kikapu kinaning'inizwa kwenye waya, na juu ya kikapu kunakuwa na chombo cha mchanga chenye tundu dogo. Mchanga unatiririka ndani ya kikapu polepole mpaka waya ukatike. Kikapu kikianguka, springi inaliziba tundu, na mchanga uliomo ndani unapimwa. Jaribio lirudiwe, aliagiza, kwa waya wa urefu nusu, kisha wa robo. Na maandishi yake yanaelekeza kwamba waya mfupi hubeba zaidi ya mrefu.

Zaidi ya miaka 100 baadaye Galileo Galilei, akiwa amefungiwa nyumbani kwake Arcetri kwa amri ya Kanisa, alimaliza kitabu chake kuhusu sayansi mbili mpya, kikachapishwa Leiden mwaka 1638. Sayansi ya kwanza kati ya hizo mbili ndiyo hii tunayoizungumzia: kwa nini vitu vikatae kukatika. Galileo alishika msimamo kwamba nguvu ya kamba inafuata unene wake, na kwamba urefu hauidhoofishi kamba, ukiacha uzito wake yenyewe. Hoja yake ni safi. Mzigo ule ule unapita katika kila sehemu ya kamba. Kwa nini mita kumi ziwe dhaifu kuliko mita moja?

Nani alikuwa sahihi? Wote wawili, na tofauti yao ndiyo kiini cha habari yote. Galileo alikuwa anazungumzia kamba ambayo kila sehemu yake inafanana na nyingine. Leonardo alikuwa anazungumzia waya uliotoka kwa mhunzi wa zama zake, wenye sehemu nzuri na sehemu mbovu. Waya ukiwa mrefu, nafasi ya kukutana na sehemu mbovu kupita zote inaongezeka, na waya hukatikia hapo, bila kujali uzuri wa sehemu zilizobaki. Mwaka 1926 mtafiti wa pamba wa Uingereza, F. T. Peirce, aliliweka wazo hilo katika hesabu kwa kuchunguza nyuzi za pamba, na mwaka 1939 Mswidi Waloddi Weibull akaipa hesabu hiyo sura inayotumika hadi leo viwandani. Ukimuuliza mhandisi leo kioo kina nguvu gani, akiwa mwaminifu hatakupa namba moja. Atakuuliza kipande ni kikubwa kiasi gani.

Aliyeonyesha ubovu wenyewe ni nini alikuwa kijana aliyeitwa Alan Arnold Griffith, mfanyakazi wa kituo cha utafiti wa ndege cha serikali ya Uingereza kilichokuwa Farnborough. Wahandisi wa ndege walikuwa wameona kwamba mkwaruzo mdogo juu ya chuma hupunguza nguvu yake zaidi ya inavyostahili. Griffith akachagua kulichunguza jambo hilo kwenye kioo, kwa sababu kioo hakinyumbuki, hakikupi vurugu za kupinda na kujikunja, kinavunjika, basi. Aliyeyusha kioo akakivuta kuwa nyuzi nyembamba na nyembamba zaidi, akazipima. Fimbo ya unene wa milimita moja ilikatika kwa mzigo ambao kwa kipimo chetu ni kilo 17. Kadiri nyuzi zilivyozidi kuwa nyembamba, nguvu ilizidi kupanda, taratibu kwanza kisha kwa kasi. Uzi mwembamba kuliko wote aliopima, wenye unene wa milimita 0.0033, yaani mara 20 hivi chini ya unywele, ulifika kilo 340 kwa milimita ya mraba. Kioo kile kile. Alichokipunguza ni unene tu, na pamoja na unene, nafasi ya ufa kukaa.

Makala yake ilitoka mwaka 1921, na sioni makala nyingine katika fani hii iliyobadilisha mambo kwa kurasa chache kama ile. Griffith alisema kila kioo cha kawaida kimejaa nyufa ndogo zisizoonekana, na kwamba nyufa hizo ndizo zinazoamua mzigo wa mwisho. Mwingereza mwenzake, Charles Inglis, alikuwa amekwisha kukokotoa mwaka 1913 kwamba mkazo hukusanyika kwenye ncha ya tundu au ufa. Tundu la mviringo tu katika bamba huuzidisha mkazo wa jirani yake mara tatu. Ufa mwembamba wenye ncha kali huuzidisha mara mamia. Griffith akaongeza swali la gharama. Kuchana kunahitaji nishati, kwa kuwa nyuso mbili mpya lazima zitengenezwe. Nishati hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye kitu chenyewe, ambacho kimevutwa na kukaa kimekazwa, na ambacho kila ufa unaporefuka hulegea kidogo pande zote mbili za ufa na kuachilia sehemu ya kile kilichohifadhiwa. Ufa ukirefuka mara mbili, gharama inakuwa mara mbili, lakini nishati inayoachiliwa inakuwa mara nne. Kwa hiyo upo urefu fulani ambao chini yake ufa unatulia, na juu yake ufa unajilipia wenyewe safari yake na hauhitaji msaada wa mtu. Katika kioo, safari hiyo inakwenda kwa mwendo wa zaidi ya kilomita moja kwa sekunde.

Muuza vitambaa wa Kariakoo anaifanyia kazi kanuni hii kutwa nzima. Mteja akitaka mita tatu, muuzaji hahangaiki kukata upana wote kwa mkasi. Anatia mkasi ukingoni, anakata sentimita moja au mbili, kisha anashika pande mbili na kuchana mpaka mwisho. Kitambaa kile kile bila ule mkato mdogo kingemshinda mikono. Na fundi wa ndege au wa mitambo akiona ufa kwenye bati, mara nyingi hatua yake ya kwanza ni kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa. Kwa asiyejua, anaonekana anaongeza uharibifu. Anachofanya ni kuigeuza ncha kali kuwa mviringo, mkazo ushuke kutoka mara mamia hadi mara tatu, ufa usimame.

Somo la Griffith liliingia polepole sana katika vichwa vya watengenezaji wa vitu vikubwa, na gharama ya polepole hiyo ililipwa baharini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walijenga meli za mizigo kwa kasi ambayo dunia haikuwahi kuiona, meli za aina ya Liberty zaidi ya 2,700. Walifika huko kwa kuacha ribiti na kuchomelea. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, mpya, imetoka kwenye majaribio, ilikuwa imefungwa gatini Portland, Oregon, maji yametulia. Usiku huo wa baridi ilipasuka ghafla kwa kishindo, ufa ukapita sitahani na kushuka ubavuni pande zote mbili, meli ikavunjika karibu vipande viwili. Nyingine zilipata nyufa baharini, na baadhi zilikatika kabisa. Huko Cambridge, Uingereza, mtafiti Constance Tipper alionyesha kwamba chuma kile, chini ya kiwango fulani cha baridi, kiliacha tabia ya kunyumbuka na kuanza kuvunjika kama kioo. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa mara nyingi. Kwangu mimi, sehemu ya pili ina uzito zaidi. Meli ya zamani ya ribiti ilikuwa na mabati yaliyopandana, kila bati na ukingo wake. Ufa ukianza katika bati moja ulifika ukingoni ukaishia hapo. Meli ya kuchomelea ni bati moja kutoka mbele hadi nyuma, na ufa ulioanzia kwenye kona ya mlango wa ngama ulikuta njia nyeupe mpaka upande wa pili.

Mkasa wa daraja la Silver una mafunzo makali zaidi, kwa kuwa hapo chuma chenye nguvu nyingi ndicho kilichosababisha maafa. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1928 juu ya mto Ohio, kuunganisha Point Pleasant katika West Virginia na jimbo la Ohio. Madaraja ya kuning'inia ya kawaida hushikwa na nyaya zilizokusanywa kutoka nyuzi maelfu. Hili lilishikwa na mnyororo wa vyuma virefu vyenye macho kwenye ncha, vilivyounganishwa kwa pini, na kila pingili ya mnyororo ilikuwa na vyuma viwili tu. Wabunifu waliweza kutosheka na viwili kwa sababu walitumia chuma kilichopashwa joto kwa ustadi kikawa na nguvu kubwa ya kuvutwa kuliko chuma cha kawaida. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa sawa. Lakini chuma hicho kilikuwa na uvumilivu mdogo mbele ya ufa. Ndani ya jicho moja, mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuona bila kulifungua daraja, kutu na mkazo vilishirikiana kwa miaka karibu 40 kukuza ufa wa kina cha milimita mbili na nusu hivi. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, magari yakiwa yamejaa, jicho hilo lilikatika. Chuma cha pili hakikuweza kuushika mzigo peke yake, pini ikachomoka, na daraja lote likaanguka mtoni kwa muda wa kama dakika moja. Watu 46 walikufa. Marekani ikaanza baada ya hapo utaratibu wa kitaifa wa kukagua madaraja.

Milimita mbili na nusu. Ufa huo katika kamba ya mkonge ungekuwa nyuzi chache zilizokatika, na mwenye kamba angeziona, akazikata kwa kisu zisimchome, akaendelea na kazi.

Kamba ni jambo ambalo Galileo alilistaajabia, na alikuwa na haki. Aliuliza swali ambalo wengi wetu hatujawahi kuliuliza: kama nyuzi za katani zina urefu wa mikono michache tu, kamba ya mikono mia inatoka wapi? Hakuna uzi hata mmoja unaotoka mwisho mmoja kwenda mwingine. Singa ya mkonge ina urefu wa mita moja hivi, na kamba ya nanga inaweza kuwa na mita 100. Kinachozishika ni msokoto. Ukiivuta kamba, msokoto unazibana nyuzi ndani kwa ndani, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyobanana na kukataa kuteleza. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake unapita kwa majirani kupitia msuguano, na sentimita chache mbele uzi ule uliokatika umekwisha kushikwa tena na unabeba sehemu yake kama kawaida. Ufa hauna pa kupita. Ukifika mwisho wa uzi mmoja unakuta uwazi, na lazima uanze upya katika uzi unaofuata. Mti umejengwa hivyo, mfupa na mshipa hivyo hivyo, na wahandisi wanaotengeneza mabawa ya ndege leo kwa nyuzi za kaboni ndani ya gundi wanafuata mpango huohuo.

Wenyeji wa pwani yetu waliujua msokoto vizuri kiasi cha kuukabidhi maisha yao. Mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, haukuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza tayari unavitaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Ukiipima singa ya usumba kwa kipimo chetu utavunjika moyo: inabeba kilo 10 hadi 20 tu, mbali sana na mkonge. Lakini mkonge unarefuka asilimia chache tu kabla ya kukatika, na usumba unaweza kurefuka asilimia 30. Chombo kinachopigwa na wimbi hakipokei mzigo wa polepole. Kinapokea kishindo, na kishindo kinamezwa na kile kinachoweza kurefuka. Usumba pia hauozi upesi katika maji ya chumvi. Mshonaji wa mtepe alichagua vema, na jedwali la namba za nguvu peke yake lingempotosha.

Mkonge nao ulikuja mbali. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893; iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62. Kutoka kwa hiyo 62 ilitoka biashara iliyoifanya Tanganyika, kufikia miaka ya 1960, kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Watu walitoka mikoa ya mbali, na hata nchi jirani, kuja kukata majani na kuyalisha kwenye korona, mashine ya kutoa singa. Lakini mwaka 1954 huko Milan, mkemia Giulio Natta alikuwa amepata njia ya kutengeneza polipropilini iliyopangika vizuri, plastiki inayovutika kuwa uzi mwepesi, usiooza, wenye nguvu ya kulingana au kuzidi mkonge na wa bei ndogo. Kamba za plastiki zikafunga marobota ya nyasi ya Ulaya na Marekani, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa Tanzania ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Sababu za anguko ni zaidi ya moja, na usimamizi wa mashamba ni mojawapo. Hata hivyo, naamini maisha ya familia nyingi za Tanga yaliamuliwa kwa sehemu kubwa katika maabara ile, na jambo hilo linastahili kufundishwa shuleni pamoja na kemia yenyewe.

Chuma hakina nyuzi. Kina kinga ya aina nyingine, na mahali pazuri pa kuiona ni kwenye mashine ya kuvuta. Mskoti David Kirkaldy alibuni yake, yenye urefu wa zaidi ya mita 14, na mwaka 1874 akaiweka katika jengo lake la mtaa wa Southwark jijini London, na juu ya mlango akachonga maneno yanayomaanisha ukweli, si maoni. Baada ya daraja la reli la Tay huko Scotland kuanguka mwaka 1879, vipande vya chuma vyake vililetwa hapo, na masikio yaliyoshikilia vyuma vya mshazari yalikatika kwa mizigo midogo mno kuliko walivyotarajia wabunifu.

Katika mashine ya leo, nondo inashikwa ncha zote mbili na kuvutwa. Mwanzoni inarefuka kidogo tu, milimita mbili na nusu hivi kwa kila mita, na ukiiachia inarudi ilivyokuwa. Kisha, kwenye nondo ya milimita 12 iliyo nzuri, mzigo ukifika tani tano na nusu hivi, kitu kinaachia ndani. Tabaka za atomu zinateleza moja juu ya nyingine, kama ilivyoelezwa mwaka 1934 na watafiti watatu kila mmoja kwa njia yake, Taylor, Orowan na Polanyi. Nondo inarefuka na kurefuka, sentimita kwa sentimita, inapata joto, inafanya kiuno mahali pamoja, ndipo inakatika kwa mlio. Kuteleza huko ndiko kunakoifanya iwe dhaifu kuliko hesabu ya atomu, na ndiko kunakoiokoa, kwa sababu ncha ya ufa katika chuma kinachoteleza inajiviringa yenyewe na kupoteza ukali. Kwa mkazi wa jengo, kurefuka huko ni muda: sakafu inabonyea, zege linaonyesha nyufa, milango inagoma kufunga, watu wanatoka. Nondo iliyopikwa vibaya, yenye namba nzuri ya nguvu lakini isiyorefuka, haitoi muda huo. Kwa hiyo anayenunua nondo na kuulizia nguvu peke yake ameuliza nusu ya swali.

Nondo na zege vilioana katika karne ya 19, Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, akiwa miongoni mwa walioanza, kwa hataza yake ya mwaka 1867 ya vyungu vya miti. Ndoa hiyo imedumu kwa kuwa vyote viwili hutanuka kwa joto karibu sawa, na kwa kuwa kila kimoja kina kile ambacho mwenzake hana. Zege linabanwa, nondo inavutwa. Katika lenta ya dirisha, nondo kuu zinakaa chini, kwa sababu iliyo ile ile ya boriti ya Lamu.

Kwenye roshani mambo yanageuka. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, na upande wa pili unaning'inia hewani. Ikielemewa, inataka kuinama kwa mbele, na kwa hiyo uso unaonyooshwa ni wa juu, hasa pale inapokutana na ukuta. Nondo kuu lazima zikae juu na ziingie ndani kabisa ya sakafu ya nyumba. Fundi aliyezoea lenta na sakafu za kawaida akizilaza chini, ametengeneza bamba la jiwe lisilo na kitu upande unaovutwa, na linaweza kusimama kwa miezi likibeba uzito wake lenyewe hadi siku wageni wa harusi wanapotoka nje kupunga upepo. Hata zikifungwa juu ipasavyo, hatari haijaisha: wabeba ndoo za zege wanapita juu yake, wanazikanyaga, zinashuka sentimita nne au tano, na roshani inapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ndani ya dakika chache bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Kwa hiyo muda wa kuikagua ni asubuhi ile kabla ya kumwaga. Panda ngazi na futi kamba. Pima umbali wa nondo kutoka juu ya mbao za kumwagia zege, hasa pale karibu na ukuta. Zikanyage kidogo uone kama vinara vilivyoziinua vinashika. Angalia kama kuna ubao wa kupitia uliolazwa kwa ajili ya wabeba zege. Kama haupo, kazi isianze mpaka uletwe.